Bustani ya Kiangazi Huandaliwa Mvua Ikiwa Bado Inanyesha

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wanakikundi wenzangu hapa Moshi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi Novemba. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao misiba na safari viliwazuia kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti: shikamooni wazee, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nikiwafundisha watoto wa shule ya msingi kulima bustani, na sasa, baada ya kustaafu, nikiwa nyumbani kwangu katika kiwanja ambacho upana wake hauzidi ukumbi huu.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni wangapi kati yetu walionunua mchicha sokoni mwezi wa Februari uliopita, ilhali wana ardhi nyuma ya nyumba? Naona mikono mingi. Na ni wangapi ambao bustani zao zilikuwa za kijani mwezi wa Desemba, kisha zikakauka kabla Januari haijaisha? Mikono ni ileile. Tukiulizwa sababu, sote tunalitaja jua. Lakini, ndugu zangu, jua la Januari si mgeni wa ghafla katika mji huu. Linaingia kila mwaka vuli inapokatika, na linakaa nasi mpaka masika yafungue milango mwezi wa Machi. Mgeni ambaye siku ya kufika kwake unaijua, kwa nini akukute hujafagia uwanja?

Neno nililokuja nalo leo ni moja, na mtanisamehe nikilirudia: bustani ya kiangazi huandaliwa mvua ikiwa bado inanyesha. Udongo ukiwa bado una unyevu, kila jembe unalopiga na kila kiroba cha majani unachotandaza kinafanya kazi ya kuutunza unyevu uliopo. Udongo ukishakauka, kazi ileile unaifanya ili kuutafuta unyevu ambao umekwisha kuondoka.

Nianze na suala la wakati. Mwaka mmoja, nikiwa bado kazini, niliotesha kitalu kizuri sana cha sukuma wiki, na miche ilikuwa tayari kuhamishwa mwanzoni mwa Desemba. Nanyi mnajua Desemba ya Kilimanjaro ilivyo. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, nyumba inajaa, kuna harusi, kuna vipaimara, kuna vikao vya ukoo, na hakuna anayekumbuka kitalu. Niliihamisha miche ile 60 tarehe za mwanzo za Januari, wageni walipokwisha kuondoka. Niliimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Baada ya siku kumi ilibaki miche 9.

Kwa nini ilikufa, ilhali maji ilipata? Mche ukiung'oa kitaluni unapoteza ile mizizi midogo kama nywele ambayo ndiyo hasa inayonyonya maji, na unahitaji siku kadhaa kuiotesha upya. Katika siku hizo majani yanaendelea kupoteza maji juani, na mizizi haiwezi kuyarudisha kwa kasi ileile. Wakati wa mawingu ya vuli mche unavumilia na kushinda. Katika jua la Januari unashindwa, hata ukisimama hapo na keni yako tangu asubuhi hadi jioni. Mche uliopandwa wiki hii utakuwa na majuma manne au zaidi ya kuteremsha mizizi kabla jua halijakaza, na mizizi ikishafika chini, huko ambako udongo ni wa baridi, mmea una akiba yake.

Kwa hiyo aliye na miche kitaluni aizoeshe jua kwa juma moja, kwa kupunguza kivuli na maji kidogo kidogo, kisha aihamishe jioni, siku yenye mawingu ikiwezekana. Asiye na miche anunue sasa au apande mbegu zinazokwenda moja kwa moja ardhini, kama mchicha na kunde, kwa kuwa mchicha huanza kuliwa ndani ya majuma matatu au manne. Jambo ambalo nawasihi msilifanye ni kusema, "Tutaanza baada ya sikukuu." Baada ya sikukuu tutakuwa tumechelewa.

Sasa nije kwenye udongo, na hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu naamini kwamba nusu ya bustani zinazokufa hapa mjini zinakufa kwa kuachwa uchi.

Wengi wetu tumekulia milimani, katika kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachagga. Hebu kumbukeni kihamba cha wazazi wetu. Juu kabisa kulikuwa na mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe walikuwa zizini, wakilishwa majani na mashina ya migomba, na samadi yao ilirudi kwenye migomba ileile. Je, kuna aliyewahi kuona udongo mtupu katika kihamba kilichotunzwa? Mimi sikuuona. Ulipokanyaga, ulikanyaga majani makavu ya migomba, na ulipoyafunua majani hayo, hata katikati ya Februari, ulikuta udongo mweusi, wa baridi, na nyungunyungu wakikimbia mwanga. Mfumo huu si wa kudharauliwa kwa kuwa ni wa wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, hapa mkoani kwetu, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu kwa dunia nzima. Tulipohamia mjini tukaviacha vihamba nyuma, na pamoja navyo tukaiacha ile desturi ya kuufunika udongo. Tukajifunza kufagia. Tunafagia uwanja mpaka chini ya mwembe, tunafagia mpaka katikati ya matuta, na tunaona fahari jinsi ardhi ilivyo safi.

Nilipokuwa nafundisha, niliwaandalia watoto wa darasa la tano vitanda viwili vya mchicha vilivyokaa bega kwa bega, vya ukubwa mmoja, samadi ya kipimo kimoja, mbegu za pakiti moja. Kitanda cha kwanza tukakifunika kwa nyasi kavu baada ya miche kuota, cha pili tukakiacha wazi. Kila kimoja kilipewa ndoo moja ya maji asubuhi. Siku moja ya Februari, saa saba mchana, niliwaambia watoto waweke viganja vyao juu ya udongo. Kwenye kitanda kilicho wazi waliondoa mikono haraka kama mtu aliyegusa sufuria. Kisha nikawaambia waingize mikono chini ya nyasi za kitanda cha pili. Hakuna mtoto aliyehitaji maelezo zaidi kutoka kwangu. Wengi wao leo ni watu wazima wenye familia, na wawili niliowakuta mjini hivi karibuni walinikumbusha siku ile bila mimi kuwauliza.

Matandazo, basi, yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10. Tumieni majani makavu ya migomba, nyasi kabla hazijatoa mbegu, maganda ya maharage, maganda ya kahawa kwa anayeyapata. Msiyasogeze mpaka yaguse shina la mche, acheni nafasi ya upana wa vidole vitatu au vinne, kwa sababu shina linalokaa kwenye unyevu muda wote huoza, na kwa sisi wa maeneo ya chini ambako mchwa ni wengi, matandazo yanayogusa shina huwa njia ya mchwa kulifikia. Mtandaze udongo ukiwa umelowa. Hili nalirudia kwa herufi kubwa: udongo ukiwa umelowa. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, mvua ndogo inayofuata itaishia kwenye nyasi na udongo utabaki na kiu yake.

Kuna jirani yangu, mtu mwema sana, ambaye kila Jumamosi alikuwa akikusanya majani ya mti wake wa parachichi na kuyachoma moto. Moshi ulikuwa ukiingia kwangu, lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa yale majani. Nikamwendea, nikamwomba kwa adabu aniachie viroba vyake kila Jumamosi. Akakubali, akafurahi kupunguziwa kazi. Mwaka wa kwanza aliniletea viroba kwa moyo mkunjufu. Mwaka wa pili alianza kuuliza maswali, akisimama ukutani na kuitazama bustani yangu. Mwaka wa tatu hakuleta kiroba hata kimoja, na nilipochungulia upande wake niliona kwamba kila jani la parachichi limelala chini ya migomba yake. Sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi kama siku hiyo.

Chini ya matandazo kuna samadi. Debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba linatosha kuanzia, lichanganywe na udongo wa juu kwa jembe au rato. Nimesema iliyoiva. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na wengi wanaolalamika kwamba mbolea ya kuku imeua mboga zao waliitoa bandani jana na kuiweka bustanini leo. Iliyoiva haina joto, haina harufu kali, na ukiishika inameguka kama udongo wa msituni. Wale wanaotaka kutengeneza mboji waanze sasa, lakini wajue kwamba itachukua miezi miwili au mitatu, kwa hiyo itawafaa kwa masika kuliko kwa kiangazi hiki. Chomekeni kijiti kirefu katikati ya lundo: mkikichomoa kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea, na kikiwa kikavu, lundo linaomba maji.

Wenye migomba, msiisahau. Kila shina libakizwe mama, binti na mjukuu, yaani mgomba mkubwa, chipukizi linaloufuata na moja dogo, machipukizi mengine yote yaondolewe sasa, maana kila chipukizi la ziada ni mdomo unaokunywa maji ya wenzake. Mashina mliyokata yachanjwe vipande vidogo na kutawanywa yakauke. Mkiyaacha yakiwa mazima mnawatengenezea fukusi wa migomba mahali pa kuzaliana.

Ndugu zangu, nije kwenye maji, ambayo ndiyo mliyodhani ningeanza nayo.

Wazee wetu waliyatoa maji kwenye mito ya msituni na kuyaleta vihambani kwa mifongo, yaani mifereji ya kuchimbwa, na mfongo ulikuwa na sheria yake: asiyetoka kuusafisha hapati zamu. Majirani zetu wa Upareni nao wana ndiva, yale mabwawa madogo yanayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Najiuliza mara nyingi, watu hawa waliokuwa na jembe na mikono mitupu waliwezaje kuona kwamba maji ya usiku yasipopewa mahali pa kulala yanapotea, na sisi wenye mabati na mabomba tunayaacha maji ya mvua yapite mlangoni yakielekea mtaroni?

Tufanye hesabu pamoja. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya vuli, inaleta juu ya paa hilo lita 480. Tuseme nyingine zinarukia nje ya gata na nyingine zinavuja, zikabaki lita 400. Hayo ni mapipa mawili ya lita 200. Sasa kitanda cha mboga cha mita 1 kwa mita 3, katika siku za joto kali, kinahitaji kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 15, pungufu ya ndoo moja kubwa. Gawanyeni wenyewe: lita 400 kwa lita 15. Ni siku 26. Mvua moja ya saa moja, mapipa mawili, na kitanda kimoja cha mchicha kinakula karibu mwezi mzima! Na hapo sijahesabu faida ya matandazo. Nawaomba kila mmoja akitoka hapa akalitazame paa lake upya. Mapipa yafunikwe vizuri, kwa sababu ya mbu na kwa sababu ya usalama wa watoto wadogo.

Kuhusu kumwagilia kwenyewe, kosa kubwa ni kunyunyiza. Mtu anapita na keni, udongo unabadilika rangi juu, naye anaridhika. Ingizeni kidole ardhini mpaka kiungo cha pili. Kama ncha ya kidole inakutana na udongo mkavu, mmea haujanywa. Afadhali kumwagilia kwa kushibisha kila baada ya siku moja kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu maji yanayoishia juu yanaifundisha mizizi kukaa juu, na juu ndiko kwenye joto. Mwagilieni asubuhi mapema au jua likishashuka, na maji yaelekezwe kwenye shina, si kwenye majani. Maji ya kuoshea mboga na mchele yaende bustanini moja kwa moja. Maji yaliyofulia nguo kwa sabuni ya unga pelekeni kwenye migomba, kwa kubadilisha shina leo hili kesho lile, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo msiyapeleke popote penye mmea.

Vitanda vyenyewe viwe na kingo za udongo pembeni ili maji yasikimbie. Tulizoea matuta yaliyoinuliwa, na kwa masika ni sahihi, kwani yanaondoa maji ya ziada. Kwa kiangazi tufanye kinyume: mvua zikianza kupungua, vitanda vipya vishushwe sentimita 10 hivi chini ya njia, maji yakimwagwa yatulie humo.

Sasa tupande nini, na kivuli tukitoe wapi? Hapa majibu yanatofautiana, maana tulio katika chumba hiki hatuishi katika hali ya hewa moja. Kila unapopanda mita 1,000 kuelekea mlimani, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo dada yangu wa Kibosho juu anaweza kulima kabichi na karoti mwezi wa Februari bila wasiwasi, na mimi niliye huku chini nikimwiga nitapoteza mbegu. Sisi wa chini tutegemee kunde, mgagani, matembele, kisamvu, bamia na mchicha. Sukuma wiki na mnavu tuvipande mahali penye kivuli cha alasiri. Nyanya zinataka uangalifu wa pekee: joto likipita nyuzi 32 hivi maua huanza kupukutika, na ndipo watu wanapoamini wamerogewa bustani. Isitoshe kuna kantangaze, yule mdudu aliyeonekana kwa mara ya kwanza nchini kwetu mwaka 2014 huko wilayani Arumeru, ambaye hustawi sana wakati wa ukame. Ushauri wangu kwa mwenye bustani ndogo ni kupanda mashina machache, ayakague chini ya majani kila baada ya siku mbili, na kila jani lenye michirizi alikate na kulifunga kwenye mfuko. Kwa vidukari na utitiri, maji ya sabuni yanayopulizwa upande wa chini wa majani jioni yanasaidia, mradi uanze mapema.

Kuhusu kivuli, nina jambo moja ambalo nalipenda. Kesho saa sita mchana, kama mawingu yataruhusu, simameni nje na mkitazame kivuli chenu. Mtakiona kinaelekea mlimani. Kwa miezi hii jua letu liko upande wa kusini, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaangukia kaskazini, na hakitageuka mpaka Machi. Maana yake ni kwamba mti ulio upande wa mlima wa bustani yako hautakusaidia adhuhuri mwezi wa Januari, hata uwe mkubwa kiasi gani. Jua linaloumiza zaidi ni la alasiri, linalotoka magharibi. Chomekeni miti michache upande huo, mfungie majani ya migomba, au shedineti, ule wavu wa kivuli, kwa anayeweza kununua, na mmea uliokuwa unanyauka kila siku saa tisa utasimama. Kizuizi hicho pia kitapunguza upepo mkavu, ambao hunyang'anya majani maji sawasawa na jua.

Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako, Jumatano saa kumi jioni tukutane nyumbani kwangu. Tutatengeneza kitanda kimoja pamoja, tangu samadi hadi matandazo, ili anayetaka kuona kwa macho aone. Kila mmoja aje na kiroba kimoja cha majani makavu, badala ya kuyachoma. Mbegu za kunde na mgagani ninazo za kutosha kila nyumba ipate kiganja kimoja. Miche ya mnavu iko kama 200 kitaluni, na tayari nimeipunguzia maji. Anayeitaka aje na jani la mgomba lililoloweshwa la kuifungia, na akifika kwake asingoje asubuhi, aipande jioni ileile.